FGF23 inabebeshwa mzigo wa Klotho

Siku hizi kila ugonjwa sugu wa figo ukizungumziwa, FGF23, homoni ya mfupa inayodhibiti madini ya fosfeti, inatajwa kama adui. Homoni inayoharibu moyo, wanasema, itafutiwe dawa ya kuizima. Hofu yao naielewa kabisa ila naona homoni hii inaonewa.

Tuanze na kazi yake. FGF23 inatoka kwenye seli zilizozama ndani ya mfupa, na fosfeti ikizidi inasafiri na damu mpaka kwenye figo. Huko kwenye mirija midogo inayopokea maji yaliyochujwa kuna protini mbili, NaPi-2a na NaPi-2c, zimekaa kwenye ukuta wa seli kama milango, zinachota fosfeti iliyokwisha kuchujwa na kuirudisha kwenye damu, na kawaida asilimia 80 hadi 90 ya fosfeti hiyo inarudi. FGF23 ikifika milango ile inavutwa ndani ya seli, fosfeti inakosa pa kurudia, inatoka na mkojo. Wakati huohuo inapunguza utengenezaji wa vitamini D iliyo hai ili utumbo nao usinyonye fosfeti nyingi. Lakini bila Klotho, protini inayotengenezwa zaidi na figo zenyewe, ujumbe wake hausikiki pale. Klotho ilitangazwa na watafiti wa Japani mwaka 1997 baada ya kuona panya walioikosa wanazeeka upesi na kufa mapema.

Sasa figo zikianza kuchoka Klotho inapungua, na mfupa unajibu kwa kumwaga FGF23 zaidi na zaidi. Majibu ya damu yanakuja fosfeti milimoli 1.2 kwa lita, kawaida ni kati ya 0.8 na 1.5, mgonjwa anaambiwa uko sawa na anaondoka amefurahi, kumbe hiyo 1.2 imeshikiliwa kwa nguvu na homoni ambayo imeshapanda muda mrefu na hakuna aliyeipima. Mimi hiyo 1.2 inanisumbua sana, manake haituambii mwili umetumia nguvu kiasi gani kuifikia.

Wanaoilaumu hawabahatishi. Mwaka 2008 ilionekana kwamba watu wanaoanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, wakiwa na FGF23 ya juu sana walikufa zaidi kuliko wenzao, na mwaka 2011 panya waliopewa FGF23 walinenepa kuta za moyo upande wa kushoto, tena bila Klotho kuhusika. Hilo si la kupuuza, kwa sababu kwenye ugonjwa uliokomaa homoni hii inaweza kupanda hata mara 1,000, na kwa wingi huo inashika mpaka vipokezi ambavyo si vyake.

Haya, basi tuizime? Mwaka 2012 ilijaribiwa kwa panya wenye figo mbovu, wakapewa kingamwili za kuizuia FGF23. Mwanzoni ukiangalia unafurahi, vitamini D ilipanda, homoni ya parathairoidi, ambayo ikizidi inamomonyoa mifupa, ikashuka, mifupa ikawa na nafuu, yaani kila kitu tulichokuwa tunakililia. Ila fosfeti ikapanda kwenye damu, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo ukajaa chokaa, na panya wakafa zaidi kuliko wale ambao hawakuguswa, tena dozi ilivyoongezwa ndivyo fosfeti na chokaa vilivyoongezeka. Jaribio hili ndilo linalonifanya niitetee homoni hii, maana liliondoa kile kinachoitwa adui na hali ikawa mbaya.

Kuna atakayesema mbona burosumab, kingamwili inayoizuia FGF23, iliruhusiwa mwaka 2018 na inawasaidia watoto wenye matege ya kurithi? Kweli inawasaidia, lakini hao figo zao zinachuja vizuri na FGF23 imezidi bila sababu, wanapoteza fosfeti wanayoihitaji. Mgonjwa wa figo ni kinyume chake, fosfeti haina pa kutokea na FGF23 imezidi kwa sababu ipo kazini.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kule inakoingia fosfeti. Ile inayoongezwa viwandani kwenye vyakula inanyonywa karibu yote, wakati ile iliyofungwa ndani ya nafaka na kunde kiasi kikubwa kinapita tu, na lebo nyingi hazikuandikii ni kiasi gani kimewekwa. Kila gramu isiyoingia ni gramu ambayo mfupa hautalazimika kuipigia figo kelele, na moyo unapumzishwa bila kumnyima mtu homoni inayomlinda.