Chakula kuhamia TBS: tuliuliza mlango, hatukuuliza nyumba

Kwa mama mmoja wa Mwandiga anayefungasha mawese, ukutani kuna vyeti vinne kwenye fremu za mbao. Cha kwanza kushoto kimeshageuka rangi ya chai ya rangi: ni cha TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo kwa jina hilo haipo tena. Hataki kukishusha. Alikilipia, anasema, na anaendelea kuchuja mafuta.

Ukitaka mfanyabiashara wa Kigoma aongee hadi jua lizame, mtajie utitiri wa mamlaka. Ndiyo maana Julai 2019, chakula na vipodozi vilipoondolewa TFDA na kupelekwa TBS, Shirika la Viwango, huku TFDA ikibaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA, wengi huku kwetu walishangilia. Walikuwa na haki. Msindikaji mdogo alisajili jengo na bidhaa TFDA, kisha akaifuata alama ya ubora TBS: wakaguzi mara mbili, sampuli mara mbili, ada mara mbili, na dumu la mawese ni lilelile. Leo anayepitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupewa alama hiyo bure kwa miaka mitatu ya mwanzo. Hoja ya mlango mmoja ni ya kweli na kila mtu anaijua.

Isiyosikika ni ya upande wa pili. Waliotaka chakula kibaki kwenye mamlaka ya afya walichukuliwa kama watu wanaolinda meza zao. Baadhi yao walijiharibia wenyewe, maana hupenda kukumbusha kwamba Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani liliitaja TFDA kuwa ya kwanza Afrika kufika ngazi ya 3 ya udhibiti. Ile ilikuwa ngazi ya udhibiti wa dawa. Chakula hakikuwamo. Lakini hoja yao yenyewe ni nzito kuliko hiyo sifa ya kuazima.

Bunge linapounda mamlaka, mjadala huenda kwenye jina na idadi. Yanayoamua tabia ya mamlaka ni mengine: inawajibika kwa waziri gani, na inakula wapi, yaani fedha zake zinatoka kwa nani. TFDA ya 2003 ilikuwa chini ya Afya. TBS, tangu sheria ya 1975, ni mtoto wa Viwanda na Biashara. Waziri wa Afya hupimwa kwa wagonjwa. Mwenzake hupimwa kwa viwanda vilivyofunguliwa, na hakuna ubaya wowote katika hilo, ila siku kiwanda na tumbo la mlaji vikigongana, faili litakuwa kwenye meza ya nani? Uingereza walilijibu swali hili kwa machungu. Wizara ya kilimo ndiyo iliyowalea wafugaji, na wizara hiyohiyo ndiyo iliyosimamia usalama wa nyama. Kichaa cha ng'ombe kilipohusishwa na vifo vya watu mwaka 1996, imani ikaisha, na Aprili 2000 wakaanzisha chombo cha chakula kisicho chini ya wizara hiyo, kinachowajibika bungeni kupitia mawaziri wa afya. Sisi tulielekea upande wa pili.

Mimi hukumbuka Kagunga. Mei 2015, kijiji kile cha wavuvi mpakani na Burundi, kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kilipokea wakimbizi kwa makumi ya maelfu, meli ya Liemba ikiwasomba kuwaleta Kigoma mjini. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walifikia takriban 3,000 na vifo vikapita 30. Katika hali kama ile hakuna anayeweza kusema huyu ameugua kwa maji na yule kwa dagaa wa kibandani. Anayekifukuza kipindupindu anahitaji kushika maji, choo na sufuria kwa mkono mmoja, siku hiyohiyo. Wapo watakaosema Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 bado inampa afisa afya meno. Ni kweli. Lakini meno ya kuzima mlipuko si sawa na usajili na ukaguzi wa mara kwa mara unaouzuia mlipuko usitokee, na hivyo ndivyo vilivyohama.

Namna vilivyohama nayo inanikera. Havikuhama kwa muswada wa chakula. Vilipita ndani ya Sheria ya Fedha ya 2019, iliyowasilishwa na Dkt. Philip Mpango, mwana wa Buhigwe, wakati huo Waziri wa Fedha. Nakumbuka gumzo la Juni ile: ushuru wa nywele bandia, asilimia 10 za ndani na 25 za nje, na msamaha wa VAT kufutwa kwenye taulo za kike. Chakula kikahama nyumba huku sote tukitazama nywele. Na usidhani kulikuwa na kanuni moja ya kuunganisha. Mwaka huohuo wabunge walipitisha sheria ya LATRA na kukamilisha kuigawa SUMATRA, mamlaka iliyosimamia usafiri wa nchi kavu na majini: nchi kavu huku LATRA, majini kule TASAC. Kila muundo ulifuata kilio kilichosikika zaidi. Wenye viwanda wana shirikisho, wasafirishaji wana vyama, lakini aliyeharisha baada ya chakula cha jana hana hata risiti.

Kuhusu kula, kuunganisha hakukugusa kitu. TBS, kama TFDA kabla yake, hutegemea sana ada za inaowakagua. Mbunge huupenda muundo huo kwa sababu hautafuni bajeti, kisha hurudi jimboni kulalamikia tozo pamoja na wapiga kura.

Pale mwalo wa Kibirizi, nyuma ya maboti, mama lishe wanapanga sahani. Afisa afya anayepita na daftari ameajiriwa na halmashauri, taaluma yake iko Wizara ya Afya, na sheria ya chakula iko kwa waziri wa Viwanda. Ukimuuliza usajili wa jengo la chakula, atakuelekeza TBS. Choo cha mwalo kikifurika, anayepigiwa simu ni yeye.