Hekalu la Luxor: Je, Kweli Ni Mwili wa Mtu?

Mwaka 1957 mwandishi Mfaransa René Schwaller de Lubicz, aliyekaa miaka mingi akipima hekalu la Luxor nchini Misri, alichapisha hoja ambayo bado ina wafuasi: ramani ya hekalu hilo ni mwili wa binadamu. Laza mifupa ya mtu juu ya mchoro, kichwa kinaangukia patakatifu kusini, nyayo zinakanyaga lango la Ramses II kaskazini.

Hoja hii haifai kutupwa hivi hivi. Katika chumba cha kuzaliwa, ndani ya hekalu hilo hilo, mungu Khnum anafinyanga watoto wawili kwenye gurudumu la mfinyanzi: mfalme Amenhotep III na ka yake, pacha wake wa kiroho. Kuumbwa kwa mwili wa mfalme kumechongwa ukutani, si dhana ya wageni. Hata kipimo cha wajenzi kilitoka mwilini: dhiraa ya kifalme, karibu sentimita 52.4, ina viganja 7, na kila kiganja nyanda 4, yaani upana wa vidole vinne.

Shida inaanza ukishika rula. Wachoraji wa Misri walikuwa na kanuni yao. Walichovya uzi kwenye rangi nyekundu, wakaukaza ukutani, wakauvuta na kuuachia uache mstari. Mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka nyayo hadi nywele zinapoanzia: goti mstari wa 6, chini ya makalio 9, kiwiko 12, bega linapokutana na shingo 16. Sasa hekalu lina urefu wa karibu mita 260. Ukigawanya kwa 18, mraba mmoja ni mita 14.4, na goti linaangukia kama mita 87 kutoka langoni, ndani ya ukumbi wa nguzo 14, pasipo na mpaka wowote. Mifupa ya kitabu cha tiba, kinyume chake, unaweza kuivuta na kuisogeza mpaka ikubali. Anayetaka kupima kwa haki aandike kwanza ni kiungo gani kitakaa wapi, ndipo aweke umbo.

Uwiano wa dhahabu, ule wa karibu 0.618 unaosifiwa kwa uzuri wake, nao hutajwa sana. Kitovu kiko karibu na mstari wa 11, na 11 kwa 18 ni 0.611, jirani kabisa na 0.618. Lakini kwenye mita 260 pengo hilo ni karibu mita 1.8, na miraba mizima inatosha kueleza mahali pa kitovu.

Halafu kuna tarehe. Amenhotep III, aliyejenga sehemu kubwa ya hekalu, alifariki karibu mwaka 1352 KK. Ramses II, aliyejenga ua wa mbele na lango, alianza kutawala 1279 KK. Mwili huo ulikaa zaidi ya miaka 70 bila nyayo. Watetezi husema hekalu lilikua kama mtoto akuavyo. Jibu zuri, ila halipimiki: kila nyongeza itageuzwa kuwa kiungo.

Kwangu mimi, mwili ndani ya ardhi ya Misri upo, ila uko katika hekalu la Dendera. Humo, katika vyumba vya Osiris juu ya paa, mikoa ya nchi inaleta viungo vya mungu huyo, ambaye katika hadithi aliuawa na kukatwa vipande. Kichwa chake kilihusishwa na Abydos, mguu na kisiwa cha Bigeh, ambako mafuriko ya Naili yaliaminika kuanzia. Kila mwaka, mwezi wa Khoiak, makuhani walijaza shayiri na mchanga kwenye kalibu yenye umbo la Osiris, wakaimwagia maji mpaka ikachipua.