Kisomo kwanza au daktari kwanza?

Kijana wa Kizanzibari aliyeacha kula, halali usiku na hatoki tena chumbani hupata washauri wengi kabla hajamwona daktari. Mama anahisi ni kijicho. Ami anataka apelekwe kwa shekhe. Wenzake wa maskani wanasema apunguze simu. Hospitali hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya chini.

Wanaoanza na kisomo, yaani kumsomea mgonjwa Kurani, wana hoja, na naona watu wa afya huipuuza haraka mno. Tazama kinavyokuwa. Baada ya sala ya isha jamaa na majirani wanakaa mkekani, kijana yuko katikati yao, inasomwa Yaasin, kisha anapewa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya marashi ili anywe. Hakuna anayemwita mvivu. Lililomsibu limetoka nje yake, hana la kulaumiwa. Sonona, maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, humwaminisha mtu kuwa ni mzigo kwa watu wake. Kuwaona wamekuja usiku kwa ajili yake ni jambo kubwa.

Hoja yao nyingine ni sitara, na hii ndiyo nzito zaidi kwangu. Mjini Unguja hospitali ya wagonjwa wa akili iko Kidongo Chekundu, na jina hilo watoto hutaniana nalo tangu skuli. Aonekane mtu getini pale asubuhi, jioni ukoo mzima umeshajua. Na kwetu posa haijibiwi mpaka watu wapeleleze: kwao kuna wazimu? Msichana wa miaka 22 anayelikwepa geti lile si mjinga, amepiga hesabu zake. Pemba ni zaidi, maana muuguzi utakayemkuta Wete huenda ni mke wa binamu yako.

Lakini hesabu hizo zinasahau muda. Maradhi ya kusikia sauti zisizokuwepo mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa miaka ya ishirini, na kadiri yanavyokaa bila tiba ndivyo mtu anavyozidi kupata tabu kurejea katika hali yake. Familia inayozunguka kwa mganga wa kwanza, wa pili, hadi wa nne, inatumia miezi ile ile ambayo tiba ingemsaidia zaidi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2021, kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Huo si umri wa kusubirisha.

Kuna pia vitu ambavyo shekhe, hata awe mcha Mungu vipi, hawezi kuviona. Upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kumfanya mtu awe mchovu, mzito na mwenye huzuni isiyo na sababu. Kipimo cha damu hulionesha hilo. Na si kila anayefika kwa daktari hupewa vidonge. Sonona nyepesi mara nyingi hutibiwa kwa mazungumzo. Anayepewa dawa aelezwe mapema kuwa huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, kwani wengi huziacha wiki ya kwanza wakidhani zimeshindwa.

Wanaodhani kwenda hospitali ni upungufu wa imani hawana pa kusimama. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wajitibu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, na hii ya pili akaihusisha na mwili na damu.

Kwa hiyo nasema daktari asisubiri zamu. Kisomo na kliniki vinaingia katika wiki moja bila kugombana. Ninayempinga moja kwa moja ni mganga anayeamuru dawa ziachwe, au anayemfunga na kumpiga mgonjwa akidai anampiga jini.

Khofu ya kuonekana haitaondolewa kwa mawaidha. Huduma hizi zikipatikana katika vituo vya afya vya kawaida, kijana atakaa benchi moja na mama aliyeleta mtoto kwa chanjo na mzee wa presha, na hakuna atakayejua amefuata nini. Na muuguzi anayetoa siri ya mgonjwa harusini achukuliwe hatua, kwa sababu anawafukuza wengi kuliko mganga yeyote.

Lipo jambo moja ambalo kwangu halina pande mbili. Kijana akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, dawa na sumu za wadudu ziondolewe alipo, na apelekwe hospitali usiku huo huo. Kisomo kimfuate huko huko wodini, akiwa mikononi salama.