Filamu ile haikuharibika

"Mjomba, ile filamu yako ya zamani wameitengeneza." Mpwa wangu aliniambia hivyo Jumapili, akanipa simu yake. Kilikuwa kipande kifupi cha Casablanca, ile filamu ya Hollywood ya nyeusi na nyeupe ya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kimepakwa rangi na programu ya kompyuta. Nyuso zote zilikuwa na rangi moja ya udongo, kama watu waliopakwa poda kwa haraka.

Neno hilo, "wameitengeneza", limenikaa rohoni siku ya tatu sasa. Kinachotengenezwa ni kilichoharibika. Filamu ile haikuwahi kuharibika.

Rangi Hollywood walikuwa nayo. Mwaka 1939 walishatoa The Wizard of Oz na Gone with the Wind, zote kwa rangi. Sawa, rangi ilikuwa ghali, na huenda hesabu za fedha ndizo zilizoamua. Lakini mpiga picha Arthur Edeson, alipopewa nyeusi na nyeupe, alifanya kazi kwa taa na vivuli. Macho ya Ingrid Bergman, anayeigiza Ilsa, yanameremeta kwa sababu kuna aliyehangaika na taa mpaka yakameremeta. Ukimimina rangi juu ya kazi hiyo, umeifuta.

Lakini kilichoniuma hasa ni sehemu waliyoichagua: ile ya nyimbo mbili. Maofisa wa Kijerumani wamelizunguka piano kwenye mgahawa wa Rick, wanaimba wimbo wao kwa majivuno. Laszlo, mpinzani wa Wanazi, anaiendea bendi, anawaambia wapige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Wanamtazama Rick. Rick anaitikia kwa kichwa, na ukumbi mzima unasimama. Yvonne, aliyeingia jioni ileile na ofisa wa Kijerumani, anaimba huku machozi yakimtiririka.

Mwigizaji wake ni Madeleine Lebeau. Mwaka 1940 alikimbia Paris na mumewe, Marcel Dalio, Myahudi ambaye Wanazi walibandika sura yake kwenye mabango kuonyesha "Myahudi alivyo". Walifika Lisbon, wakapanda meli, wakakwama Mexico kwa sababu viza zao za Chile ziligundulika kuwa za kughushi. Miaka miwili baadaye wako studio, wanaigiza kwenye hadithi ya watu waliokwama wakisubiri hati za kusafiria! Dalio ndiye yule msimamizi wa meza ya kamari. Conrad Veidt, anayeigiza Meja Strasser wa Wanazi, aliihama Ujerumani mwaka 1933. Mkewe alikuwa Myahudi. S. Z. Sakall, mhudumu yule mnene mpole, dada zake walifia kwenye kambi za Wanazi.

Filamu ilipigwa mwaka 1942, Paris ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, na hakuna hata mmoja ukumbini mle aliyejua vita itaishaje. Ndiyo maana mimi, niliyezaliwa miongo mingi baadaye, mbali na Ufaransa, nisiyeujua wimbo ule hata ubeti mmoja, koo hunikaba kila wanapofika pale. Kuna uoga na matumaini katika nyuso zile ambavyo studio isingeweza kuvinunua.

Kuna doa moja, nalo nitalisema japo sipendi. Dooley Wilson, mwigizaji mweusi anayeigiza Sam mpiga piano, alikuwa mtu mzima wa miaka 56, na Ilsa anamwita "boi". Sisi tunalijua neno hilo, babu zetu waliitwa vivyo hivyo na mabwana zao. Hattie McDaniel, mwigizaji mweusi wa Gone with the Wind, alishinda Oscar mwaka 1940 na usiku huohuo akaketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake weupe. Nazipenda filamu hizi, na hilo sitalisahau.

Nilimrudishia mpwa wangu simu. Sikumgombeza, hajawahi kuambiwa. Jumapili ijayo tutaitazama yote, tangu mwanzo, taa zimezimwa, kama ilivyotoka mwaka ule. Tukifika kwenye nyimbo mbili nitamwonyesha Lebeau. Alifariki mwaka 2016, hayupo tena wa kumuuliza alikuwa akimlilia nani. Umebaki uso wake tu, na machozi yale, na huko ndiko walikopeleka rangi zao.