Dawa za liposomu na teknolojia ya kidijitali: Zanzibar tuanze na friji

Mazungumzo ya dawa za kesho siku hizi yanabeba mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni liposomu, yaani vifuko vidogo mno vya mafuta vinavyobeba dawa ndani ya mwili. La pili ni vifaa vya kidijitali vya kuifuatilia dawa hiyo, kuipima, na hata kuiamuru ifunguke mahali fulani. Wapo wanaoamini muungano huu ndio utakaotutoa kwenye dawa zenye sumu kali. Wapo pia, na wengi wao ni watu wa wodini, wanaouliza: mgonjwa wa saratani wa Pemba bado anapanda boti kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, sasa haya ya nini? Naona pande zote mbili zina hoja, ila zinabishania kifaa kilichomo mwilini na kukisahau kilichopo stoo.

Liposomu zenyewe si jambo jipya. Miaka ya 1960, Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba fosfolipidi, mafuta yaleyale yanayojenga utando wa seli, yakitiwa majini hujikunja yenyewe yakawa vifuko. Dawa hufungwa ndani kama popoo kwenye jani la tambuu. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, ambayo ni doksorubisini iliyotiwa ndani ya liposomu. Saratani inapigwa na dawa ileile, lakini moyo wa mgonjwa hauumizwi kama unavyoumizwa na doksorubisini ya kawaida.

Mfano unaotugusa kwa karibu zaidi ni amfoterisini B, dawa ya fangasi wa kriptokoka wanaoshambulia utando wa ubongo kwa watu wenye VVU waliodhoofika. Dawa ya kawaida hufanya kazi, lakini manesi wanaijua: homa na kutetemeka wakati dripu inaingia, figo kuchoka, madini ya potasiamu kushuka, na yote hayo siku baada ya siku. Jaribio la AMBITION, lililofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, lililinganisha matibabu hayo na dozi moja tu kubwa ya amfoterisini ya liposomu, ikifuatiwa na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Ndani ya wiki 10 walifariki asilimia 24.8 ya waliopata dozi moja, na asilimia 28.7 ya waliotibiwa kwa njia ya zamani. Madhara ya dawa yalipungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Kwa hiyo anayesema liposomu ni anasa ya matajiri hajalitazama jaribio hili. Limefanyika Afrika, kwa wagonjwa wa hospitali za umma, na limempunguzia mgonjwa siku za sindano. Bei ndiyo kikwazo cha kweli. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, ambazo ni vichupa 12. Mwaka 2018 kampuni ya Gilead ilitangaza bei nafuu ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati. Hata kwa bei hiyo mgonjwa mmoja anagharimu dola 195, na hapo vidonge havimo.

Sasa tuje kwenye teknolojia, na hapa ndipo ahadi zimekwenda mbali kuliko matokeo. ThermoDox ilikuwa liposomu iliyoundwa iachie doksorubisini pale uvimbe wa ini unapopashwa joto kwa mashine. Wazo zuri kabisa. Lakini mwaka 2013 jaribio lake kubwa halikufikia lengo, na mwaka 2020 jaribio la pili nalo likaonekana halitafika. Kidonge cha Abilify MyCite, ambacho si cha liposomu, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kikiwa na kihisio cha kuripoti kwamba mgonjwa amekimeza. Kampuni iliyobuni kihisio hicho, Proteus, iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2020. Sisemi utafiti huo uachwe. Nasema Wizara ya Afya isiandike mpango wa visiwani kwa kuutegemea.

Mahali ambapo liposomu na kidijitali vinahitajiana kweli ni stoo ya dawa na mkononi mwa nesi.

Tuanze na joto. Doksorubisini ya liposomu hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wala isigande, kwa sababu barafu hupasua vifuko na dawa ikavuja. Amfoterisini ya liposomu, ambayo ni unga, huvumilia hadi nyuzi 25. Kwenye karatasi inaonekana haina shida, lakini Unguja wakati wa kaskazi mchana hupita nyuzi 30, na sanduku likikaa bandarini Mkoani likingoja gari, nani atajua limepata joto kiasi gani? Kwa chanjo tuna kibandiko kinachobadilika rangi juu ya kichupa. Dawa hizi hazina. Kipimajoto kidogo kinachosafiri ndani ya sanduku na kutuma ujumbe kwa mfamasia kingejibu swali hilo.

La pili linanitia wasiwasi zaidi. Amfoterisini ya kawaida haivuki miligramu 1.5 kwa kila kilo ya mgonjwa kwa siku. Ya liposomu, kwa dozi ile moja, ni 10. Jina ni lilelile, B ileile. Duniani watu wamekufa kwa kupewa ya kawaida kwa kipimo cha liposomu. Sasa mfikirie nesi wa zamu ya usiku: kila kichupa anakitia mililita 12 za maji ya sindano, anakitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, anachuja, kisha anachanganya kwenye dripu ya glukosi, kamwe si ya chumvi, kwa sababu chumvi huiharibu. Mara kumi na mbili. Simu inayosoma alama ya kichupa ikamuuliza uzito wa mgonjwa na kumzuia dozi isipolingana na aina ya dawa si mapambo. Ingekuwa mtu wa pili kwenye zamu ambayo mara nyingi ina mtu mmoja.

Na Zanzibar si wageni wa haya. Mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kuripoti wagonjwa wa malaria kila wiki kwa simu. Baadaye ukaja mfumo wa Coconut wa kumfuatilia kila mgonjwa hadi nyumbani, halafu Jamii ni Afya, ambapo wahudumu wa afya wa jamii huzunguka kwenye shehia wakiwa na simu. Uzoefu upo, na umejengwa na watu wetu.

Wanaopinga watanikumbusha umeme, na wana haki. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja yote ilikaa gizani kwa sababu ya hitilafu ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari. Ujumbe wa simu hauipoozi friji. Watasema pia mifumo mingi huja na mfadhili na kudhoofika anapoondoka, na hilo naliogopa kuliko umeme. Kipimajoto kisichokuwa na fungu lake kwenye bajeti ya hospitali kisinunuliwe.

Lipo na la siri. Anayepewa dozi ile ya amfoterisini karibu kila mara ana VVU. Kwenye shehia ndogo ya Micheweni, ujumbe wa kumkumbusha vidonge ukisomwa na shemeji aliyeazima simu, habari zimetoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haigusi mambo yasiyo ya Muungano kwa upande wa Zanzibar, na afya si ya Muungano. Ulinzi wa mgonjwa huyu basi usimame kwenye sheria na kanuni za Zanzibar zenyewe, zikitaja waziwazi nani anafungua rekodi, seva iko wapi, na mgonjwa anakataaje ufuatiliaji bila kunyimwa dawa. Kufuatilia kichupa hakuhitaji jina la mtu, na kazi hiyo inaweza kuanza sasa. Kumfuatilia mgonjwa kungoje hadi hayo yaandikwe.