Nani anabaki na Bosi?

Jamani hii Dar kila mtu anataka mbwa, mageti yote yameandikwa MBWA MKALI hata kwa watu ambao ndani hawana hata kuku, ila siku ukisema tu naomba mtu anishikie mbwa wangu asubuhi mpaka jioni, ghafla mtaa mzima una msiba wa kwenda.

Chanzo ni kipaimara cha mtoto wa shangazi, Bagamoyo, Jumapili. Familia yote inatakiwa ifike kasoro Bosi. Bosi ndo mbwa mwenyewe, jina wamempa watoto, mimi sikushirikishwa, na tangu apewe hilo jina kila nikisema kazini "sijui nani atabaki na Bosi" watu wananiangalia kama nimeanza kunywa mapema. Ana miezi mitatu na kidogo, masikio yamemzidi kichwa, alinunuliwa kwa ajili ya ulinzi na mpaka leo kitu pekee alichowahi kulinda ni ndala yangu ya kushoto, hataki mtu aisogelee, nikiwemo mimi.

Mke wangu anasema si umfungie tu uani umwachie ugali na maji, mbwa analelewa? Nikamwambia mama watoto, huyu bado mtoto, anakula mara tatu mpaka nne kwa siku, halafu mkojo ndo usiseme, daktari wa mifugo alinipa hesabu kwamba chukua miezi yake jumlisha moja, hayo ndo masaa anayoweza kubana, tena akijitahidi sana. Kwa hiyo Bosi ana masaa manne. Masaa manne kwenye kipaimara hata matangazo hayajaisha, bado sadaka ya pili, bado kwaya ya akina mama, bado picha na mchungaji, na hapo pilau hatujaiona hata kwa mbali.

Watoto wakasema basi twende naye. Aende akae wapi, kwenye gari? Gari likifungwa vioo juani, dakika kumi tu joto la ndani limepanda nyuzi kama kumi hivi, na mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, yeye kupoa kwake ni kuhema ulimi nje basi. Na kule kwa shangazi kuna mbwa wanaingia na kutoka, hawajulikani wa nani, sindano hawajawahi kuiona, na Bosi chanjo zake za parvo hajamaliza. Parvo ni kuhara damu na kutapika, mtoto wa mbwa siku chache tu unamzika. Sindano zote hizo nimelipa mimi, nina uchungu nazo kuliko hata uchungu nilionao na mbwa.

Basi nikaanza kuzunguka. Nikaanza na mzee wangu wa jirani, mtu wa pwani, muungwana kweli kweli, Idi hainipiti bila sahani ya biriani kutoka kwake. Shikamoo, marahaba, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akasema, "Mwanangu, watoto wako niletee hata mwezi mzima wakae, ila huyo akinilamba mimi hapa naanza kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, na maji ya mtaa huu unayajua yanavyotoka." Nikaona ana hoja. Tena kanipa na embe nikaondoka.

Nikamfata mlinzi wa usiku. Yeye alicheka kwanza. "Mzee, yaani mbwa wa ulinzi anatafutiwa mlinzi?" Angeishia hapo ningemsamehe, lakini amewasimulia na wenzake, sasa hivi nikipita pale kijiweni kwao wanasimama wananipigia saluti.

Kuna jamaa ofisini akaniambia kuna sehemu huko Masaki wanapokea mbwa, hoteli kabisa. Nikapiga. Dada anaongea kwa upole mpaka nikahisi nimekosea nikapiga benki. Akauliza kama ana cheti cha chanjo, sawa hiyo naielewa, lazima waulize. Akauliza anapenda kulala na muziki. Akauliza ana wasiwasi wowote akiachwa na wageni. Nikamwambia dada, mwenye wasiwasi ni mimi, nitajie bei. Akaitaja. Kwa ile bei mimi nalala gesti Bagamoyo, yenye feni, asubuhi nakunywa supu na chapati mbili, na chenji inabaki ya kurudia nyumbani.

Ikabidi nirudi kwa shemeji. Huyu ni mdogo wake mke wangu, alikuja "kusikilizia mchongo" na bado anausikiliza, kwenye kochi langu. Nilidhani ni suala la kumwambia tu. Thubutu! Akakaa vizuri, akazima tivii (tivii hiyo haijawahi kuzimwa tangu afike), akaanza kunipa masharti. Bando la wiki. Chipsi mayai mchana, soda iwe baridi. Na elfu kumi ya usumbufu, kwa sababu, nukuu, "mbwa ni jukumu shem."

Nikamuandikia maelekezo yote WhatsApp. Asipewe chokoleti wala vitunguu, asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa maana inapasuka vipande inaenda kuchoma utumbo, atolewe nje kila akiamka na kila akimaliza kula. Akasoma ananiangalia. "Kwa hiyo hata pilau hali?" Pilau ina vitunguu, nikamwambia. "Mbona wale mbwa wa bibi kijijini walikuwa wanakula kila kitu?" Wangapi wapo hai? Kimya. Akanijibu kwa kidole gumba.

Siku ya siku tumefika Bunju tu, simu. "Shem, anakula rimoti." Mtoe rimoti. "Ameuma, haachii." Mpe ndala ya kushoto. Kimya kidogo, halafu, "Aisee kweli." Tukafika Mapinga, simu tena, sasa hivi anauliza chipsi mayai aagize za wapi. Kanisani mke wangu katoka nje katikati ya mahubiri, nikajua kuna dharura nikamfata, nikamkuta kwenye vidiokolo anamwambia Bosi "umekula baba? umekula?" Huyu ndo yule aliyesema mbwa halelewi.

Kwa shangazi habari zishafika, kila anayemaliza kula ananiletea mfuko wa mifupa ya kuku, "ya Bosi hii." Ukimwambia mtu Bosi hali mifupa hiyo wanaona majivuno, ati mbwa wa mjini. Shangazi mwenyewe kaleta mfuko mkubwa kabisa, na shangazi hakataliwi, upo kwenye buti.

Tumerudi usiku, foleni ya Tegeta imetumaliza, nyumbani mbwa mzima, nyumba nzima, dimbwi moja tu sebuleni ambalo shemeji anasema ni soda ilimwagika. Nikamlipa. Sasa Jumamosi inayokuja kuna send-off Kibaha, nikaona nimgusie mapema. Akafungua simu, akaitazama muda mrefu sana, akaniambia shem, wiki ijayo ratiba yangu imebana kidogo, ila tunaweza kukaa tukazungumza upya kuhusu ile elfu kumi.