Karatasi za Ruth Asawa: mazoezi ya darasani yana haki ya kutunzwa?

Mwaka 1934 Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha sanaa katika chuo kichanga cha Black Mountain huko North Carolina, Marekani, aliandika kwamba nia yao haikuwa kujaza majumba ya makumbusho bali kukusanya uzoefu. Leo kazi za wanafunzi wake zimo kwenye majumba hayohayo, na daftari na barua zao zimepangwa ndani ya maboksi ya hifadhi za nyaraka kama hati za serikali. Wapo wanaoona huu ni uchuro. Zoezi la darasani, wanasema, lilifanywa ili mtu ajifunze. Akishajifunza, karatasi imemaliza kazi yake.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Ruth Asawa, mchongaji mwenye asili ya Kijapani anayefahamika kwa mapambo ya waya yanayoning'inia kutoka darini. Alikaa Black Mountain tangu 1946 hadi 1949, akafariki 2013, na nyaraka zake zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Stanford.

Wenye shaka hawakosi hoja. Utunzaji ni gharama: karatasi ya zamani hula unyevu, hugeuka njano, huhitaji chumba chenye ubaridi na mtu wa kuipanga. Barua ya kijana wa miaka 20 haikuandikwa ili wasomi waje kuipekua. Ila hoja yao nzito ni nyingine. Kwa miaka 24 ya uhai wake, chuo kile kilipitisha wanafunzi wapatao 1,200. Tunaowakumbuka ni wachoraji Rauschenberg na Twombly, Asawa, na wenzao wachache, na zoezi la Asawa linatazamwa kwa heshima kwa sababu waya zake sasa huuzwa kwa mamilioni ya dola. Umaarufu ulikuja kwanza, karatasi zikaokotwa baadaye. Hapo wamesema kweli, nami sitawapinga.

Lakini wanasahau chuo chenyewe kilikuwa cha namna gani. Black Mountain, kilichoanzishwa 1933 na John Andrew Rice baada ya kufukuzwa kazi katika Chuo cha Rollins, hakikuwa na masomo ya lazima. Mwanafunzi hakuhangaishwa na alama. Aliyejiona ameiva aliomba mwenyewe kutahiniwa, na mtahini akaitwa kutoka nje. Waliofika hatua hiyo walikuwa wachache mno. Walimu na wanafunzi walilima pamoja na kujenga majengo kwa mikono yao (msomaji aliyewahi kupalilia shamba la shule asicheke). Katika chuo cha kawaida, ukitaka kujua mtu alijifunza nini, unafungua rejesta na kusoma matokeo yake. Hapa rejesta ya namna hiyo haikusaidii. Kumbukumbu rasmi za chuo, zilizo chini ya nyaraka za jimbo mjini Asheville, zitakueleza habari za vikao, madeni na ugomvi wa walimu, na ugomvi haukuwa haba. Kichwani mwa mwanafunzi kulipita nini siku ya Jumanne asubuhi, hazisemi. Hilo limo kwenye karatasi zake tu. Ukizitupa, umechoma matokeo yote ya mtihani.

Tazama kazi moja. Chuo kilikuwa na muhuri wa mpira wenye herufi BMC, wa kutia alama kwenye nguo za dobi zisipotee. Asawa aliuchukua, akaugonga kwenye karatasi, kisha akaugonga tena, safu juu ya safu, akiusogeza kidogo kila mara. Ukiwa karibu unasoma herufi tatu. Ukirudi nyuma hatua mbili herufi zinatoweka, unabaki na mawimbi yanayopanda na kushuka. Hakuna rangi ya bei wala turubai, ni kifaa cha dobi na subira. Humo mna somo zima la Albers: tumia ulichonacho, kirudierudie, angalia nafasi iliyobaki kati ya alama na alama kwa makini uleule unaoiangalia alama.

Sasa, habari ya waya zake husimuliwa hivi: 1947 alikwenda Toluca, Mexico, akaona wenyeji wakisuka vikapu vya waya, akajifunza fundo lao, akawa msanii. Ni kweli alijifunza Toluca. Lakini watu wangapi wamepita sokoni Mexico wakanunua kikapu cha mayai na kurudi nacho nyumbani kikiwa kikapu cha mayai? Fundo alilipata kule. Jicho la kuona kwamba kitu kimoja kidogo kikirudiwa mara elfu hugeuka umbo jingine, lilikuwa likinolewa darasani. Ushahidi wake ni karatasi za mazoezi, pamoja na ile ya muhuri. Bila hizo tungebaki kusema kipaji kilimshukia.

Isitoshe, mwalimu mwenyewe hakuishi kwa maneno yake ya 1934. Kitabu chake mashuhuri juu ya rangi, kilichotoka 1963, kimejengwa juu ya mazoezi ya wanafunzi, vipande vya karatasi za rangi vilivyobandikwa kimoja kando ya kingine. Ni dhahiri hakuwa ameyatupa.

Kuna jambo jingine linalonifanya niegemee upande huu, nalo ni cheti. Asawa alizuiliwa kambini na familia yake akiwa msichana wa miaka 16, kwanza kwenye mabanda ya farasi ya uwanja wa mbio wa Santa Anita, kisha Rohwer, Arkansas, kwa kosa la kuwa na damu ya Kijapani wakati Marekani ikipigana na Japani. Baadaye alisomea ualimu Milwaukee, akakwama kwa sababu hakuna shule ambayo ingempokea kwa mazoezi ya kufundisha. Bila mazoezi, hakuna cheti. Shahada hiyo alikuja kuipata 1998, akiwa bibi wa miaka 72. Mfumo wa vyeti ulikwisha kumhesabu kuwa si kitu. Makaratasi ya chuo kisichojali vyeti ndiyo yanayoonyesha alikuwa nani katika miaka hiyohiyo.

Kwa hiyo hoja ya umaarufu naikubali, ila hitimisho lake nalipindua. Kama tumetunza karatasi za wachache waliovuma, dawa yake ni kuwafuata wale ambao hawakuvuma, waliotoka pale wakawa walimu, maseremala au mama wa nyumbani. Chuo kilifungwa 1957; aliyekuwa na miaka 20 alipoondoka Asawa, kama yu hai, amekwisha kupita 95. Daftari lake liko darini kwa mjukuu asiyejua ni la nini. Na karatasi za namna hiyo hupotea upesi: kimbunga Helene kilipopiga milima ya North Carolina Septemba 2024, mafuriko yalizoa nyumba na karakana za wasanii hapohapo Asheville. Hifadhi ikiwa na nafasi ya boksi moja tu mwaka huu, ningempa mwanafunzi huyo asiye na jina kabla ya kumwongezea Asawa jingine.